Uliza Fundi: Barua zimelala, tarishi yuko macho

SWALI
Shikamoo Mzee. Mimi ni kijana wa Chumbageni, hapahapa Tanga. Nilianza kama pointi, yaani mtumiaji anayepata barua kupitia nodi (kituo) ya mwingine, kwenye FidoNet, mtandao wa kompyuta zinazopelekeana barua, ukanda wa 2. Sasa nimefunga ubao wangu wa ujumbe kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, nimejiunga na fsxNet, mtandao mwingine wa aina hiyo, na mstari wangu umeshaingia kwenye orodha ya nodi. Natumia binkd, programu ya kupeleka na kupokea barua, na poti 24554 nimeifungua kwenye ruta inayotumia laini ya simu. Wiki tatu hakuna barua iliyoingia, na ninazoandika hazitoki. Niliona faili liitwalo 00010064.hlo ndani ya folda ya barua zinazotoka, outbound.015. Folda hiyo sikuielewa, kwa sababu ukanda wetu ni wa 21, nikatengeneza outbound.021 na kuhamishia faili humo. Bado kimya. Nimekosea wapi?

JIBU
Marahaba mwanangu. Hiyo binkd mimi huiita tarishi, kwa sababu kazi yake ni ya tarishi wa ofisi: kuchukua bahasha, kuzifikisha, kurudi na za kwenu. Haandiki barua, hasomi barua. Anafuata anwani tu. Kwa hiyo akikwama, tusimlaumu kabla ya kusoma tulichomwandikia.

Folda kwanza. Ulichokiona kilikuwa sawa kabisa. Posta ya ukanda wa anwani yako ya kwanza, yaani wa 2, hukaa kwenye outbound yenyewe. Ukanda mwingine hupata folda yake yenye mkia, na mkia huo huandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, si ya kumi tuliyozoea. Gawa 21 kwa 16: unapata moja, inabaki tano. Ndiyo 015. Jina la faili nalo ni anwani ileile. Tarakimu nne za mwanzo ni mtandao, nne za mwisho ni nodi. 0001 ni mtandao wa 1. 0064 ni sita mara kumi na sita, jumlisha nne, yaani 100. Basi faili lile lilikuwa la 21:1/100, kitovu chenu kinachowagawia barua, na programu yako ya kuchambua barua ililiweka mahali pake. Lirudishe. Folda outbound.021 ifute, maana kwa tarishi hiyo ni ukanda wa 33, ambao hukutuma kitu huko.

Sasa tazama mkia wa faili: hlo. Hiyo h maana yake ni barua ya kungoja: isipelekwe, mwenyewe atakuja kuichukua. Ingekuwa flo ingekuwa barua ya kawaida, na clo ni ya haraka. Wewe unamngoja kitovu aje. Naye hawezi kuja.

Hawezi kwa sababu ya laini yako. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP. Ulichofungua wewe ni mlango wa chumba chako, lakini geti la nje limefungwa na ufunguo wake hauko kwako. Ukitaka kuhakikisha, ingia kwenye ruta usome anwani iliyopewa upande wa nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya geti. Nimewaona vijana wanabadilisha ruta mara mbili kwa jambo hili, hela inakwenda bure, inaniuma.

Usingoje, piga wewe. Kikao cha binkp, lugha wanayozungumza matarishi, kina pande mbili: ukishaunganishwa, bahasha zako zinakwenda na zako ulizowekewa kule zinakuja kwa njia ileile. Kwenye programu ya kuchambua barua, badilisha barua za kitovu kutoka za kungoja ziwe za kawaida. Kisha kwenye binkd.conf hakikisha mstari wa node una mambo matatu kwa mpangilio: anwani kamili pamoja na @fsxnet, jina la seva ya kitovu, na nywila mliyokubaliana, herufi kubwa na ndogo zikiwa vilevile. Halafu mwambie cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, kila nusu saa aendeshe:

binkd -p -P 21:1/100@fsxnet binkd.conf

P kubwa inasema mpigie huyu. P ndogo inasema maliza kisha toka. Kikao kisicho na barua ni kifupi mno, hakitakumalizia bando.

Limebaki moja, na naomba usilipuuze. Mstari wako kwenye orodha unasema nini? Mstari wa nodi ni maneno yaliyotengwa kwa mkato: namba, jina la ubao, mji, jina la mwendeshaji, simu, kasi, kisha bendera. Pengo huzibwa kwa kistari cha chini. Mwenye INA anatangaza jina la seva yake, mwenye IBN anasema anapokea binkp, mwenye CM anaahidi kupatikana saa ishirini na nne. Kama wa kwako una hizo zote, watu wanakupigia bure na tarishi zao zinaandika kushindwa kila siku. Mwandikie mratibu wako aziondoe, na mstari uanze na neno Pvt: nodi ipo, barua zake zipitie kitovu. Hakuna unyonge hapo. Kuna waendeshaji wengi wanaoishi hivyo miaka na barua zao zinafika.

SWALI
Assalaam alaykum kaka. Nipo Bagamoyo, naendesha nodi ndogo nyumbani. Kila umeme ukikatika usiku, asubuhi tarishi anawaka vizuri lakini kitovu changu hampigii tena. Nikisubiri mpaka jioni au kesho yake, anaanza mwenyewe. Nimeshaweka kill-old-bsy 12h kama nilivyoelekezwa. Tatizo nini?

JIBU
Waalaykum salaam dada. Ugonjwa huu ninaujua, ulinikalia kwangu Ngamiani karibu mwezi mzima.

Tarishi akianza kushughulikia nodi fulani huweka faili dogo lenye jina la nodi hiyo na mkia bsy. Ni kama kuacha kandambili mlangoni: wengine wakiziona wanajua kuna mtu ndani. Programu ya kuchambua barua ikiliona hairukii faili zilezile, na hilo ni jema, maana programu mbili zikiandika bahasha moja kwa wakati mmoja bahasha inaharibika. Akimaliza analifuta. Umeme ukikatika katikati ya kikao hakuna wa kulifuta. Asubuhi tarishi anaamka, anaona bsy, anaamini kuna mwenziwe ndani, anapita. Ataendelea kupita.

Hiyo kill-old-bsy uliyoweka ni sahihi. Inasema bsy ikizidi saa kumi na mbili ifutwe. Lakini umri huo unahesabiwa kwa saa ya kompyuta, na Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina kabisa saa ya kuendelea kuhesabu umeme ukiwa umezimika. Kwangu umeme ulikatika saa tisa usiku, ukarudi saa mbili asubuhi. Nilipofungua logi, yaani daftari la matukio ya kompyuta, mistari ya asubuhi ile ilikuwa imeandikwa kwamba bado ni saa tisa kasoro. Kompyuta iliamka ikashika saa iliyoihifadhi mara ya mwisho kabla ya kuzimika, na ikabaki nayo hadi intaneti ilipoirekebisha. Hata ilipokwisha kurekebishwa, bsy ilikuwa na umri wa saa tano tu, kwa hiyo mpaka saa tisa alasiri haikuguswa. Ndiyo maana ya kwako inajitibu jioni.

Dawa ni kufuta mabaki hayo, bsy pamoja na csy inayowekwa wakati wa kupiga, pale mashine inapowaka, kabla tarishi hajaanzishwa. Mimi nimeweka hivi juu ya mstari unaomwita binkd, nawe weka njia ya folda zako mwenyewe:

find /home/fido -name "*.bsy" -delete
find /home/fido -name "*.csy" -delete

Wakati wa kuwaka hakuna programu nyingine inayofanya kazi, kwa hiyo hakuna unayemwibia mlango. Lakini usiiweke kwenye cron ikazunguka mchana kutwa. Siku utakapoifuta bsy ya kweli, utapoteza barua za watu. Na ukikuta faili lenye mkia hld, hilo ni jingine: tarishi amepiga mara nyingi akashindwa, amejipa mapumziko. Chunguza kwanza kwa nini alishindwa.

SWALI
Mzee shikamoo. Naandika kutoka Makorora. Tangu Januari tarishi wangu anatumia orodha ya nodi ya mwaka jana, na NODEDIFF haikubali. Pia, ile saa ya posta bado ipo?

JIBU
Marahaba. Orodha hutoka Ijumaa, na mkia wake ni siku ya mwaka, kuanzia 001. Programu yako inachagua mkia mkubwa, kwa hiyo NODELIST.361 ya Desemba inaishinda NODELIST.010 ya Januari. Hamisha za zamani kwenye folda nyingine. NODEDIFF nayo ni mabadiliko ya wiki moja tu. Mstari wake wa kwanza ni nakala ya mstari wa kwanza wa orodha iliyotangulia, kisha zinafuata amri: A ongeza mistari kadhaa, C nakili, D futa. Ukiruka wiki moja, mistari hiyo haifanani tena na inagoma, na iache igome. Pakua orodha nzima, kisha uendelee na NODEDIFF. Na kwenye Linux kumbuka nodelist.010 na NODELIST.010 ni faili mbili tofauti.

Saa ya posta, yaani saa moja ambayo kila nodi hutakiwa kuwa tayari kupokea barua, ipo kwenye kanuni. Kwa ukanda wa 2 ni 02:30 hadi 03:30 kwa saa za dunia, kwetu saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa kumi na mbili na nusu. Iliwekwa kwa sababu mitambo ilipigiana kwa simu za kawaida, na Tom Jennings alipoanzisha FidoNet mwaka 1984 nia ilikuwa kutumia usiku, simu zikiwa rahisi. Mapema miaka ya 1990 kituo cha mazingira cha ELCI, Nairobi, kilibeba barua za mashirika kwa njia hiyohiyo, kikiunganishwa na mtandao wa GreenNet wa London. Barua iliyoandikwa Afrika Mashariki mchana ilisafiri usiku kwa waya wa simu, kelele za modemu zikisikika chumbani. Mimi hadi leo simgusi tarishi wangu katika saa ile. Kama nodi yako ni ya intaneti, kipengele cha saa ya posta kwenye mipangilio kiache tupu, na uweke ukanda wa saa wa kompyuta kuwa Africa/Dar_es_Salaam ili logi zako zisomeke.