Kitabu cha dawa si cha Hippocrates

Kuna wanaosema kile kitabu kikubwa cha dawa cha zamani kiliandikwa na Hippocrates, tabibu maarufu wa Ugiriki ya kale. Hapana, aliyekiandika ni Dioscorides. Hippocrates alimtangulia kwa takriban miaka 500. Dioscorides alikuwa tabibu Mgiriki wa Anazarbus, kusini mwa Uturuki ya leo, na kitabu chake, De materia medica, ni cha karne ya 1 BK: juzuu 5, mimea kama 600, mbali na dawa za wanyama na madini. Shubiri nayo imo, na ameisifia uchungu wake.

Nimesoma tafsiri ya dibaji yake. Anaelekeza mpaka vyombo vya kuhifadhia: maua na vitu vya kunukia viwekwe kwenye visanduku vikavu vya mbao, dawa za majimaji kwenye fedha, kioo au pembe, dawa za macho kwenye shaba. Huo ni ufamasia kamili, miaka karibu 2,000 iliyopita!

Ila msimwite Mgiriki wa kwanza kuandika habari za mitishamba. Theophrastus, mwanafunzi wa mwanafalsafa Aristotle, alishaiandikia zaidi ya miaka 300 kabla yake.