Ushauri kwa Anayetaka Kufanya Kazi ya Haki za Binadamu Palestina na Israel

Vijana kadhaa wameniuliza namna ya kujitolea katika kazi ya haki za binadamu baina ya Waisraeli na Wapalestina, na wengi wao huanza kwa kunieleza wako upande gani. Niliwahi kuwa mwangalizi wa kujitolea katika Ukingo wa Magharibi, eneo la Wapalestina linalokaliwa na Israel, kabla ya vita vilivyoanza Oktoba 2023, na ninachowajibu ni kwamba kazi hii ni ya kalamu na daftari, na kwamba thamani yake yote imo katika kuandika kwa usahihi ambao hata asiyekupenda atashindwa kuupinga.

Chukua kituo cha ukaguzi cha Israel huko Bethlehemu, kile kinachoitwa Kituo 300. Tulikuwa tukifika kabla ya alfajiri na kuwakuta wafanyakazi wenye vibali vya kuingia Israel wamekwisha kubanana katika ujia mwembamba wa nondo, wengi wao mafundi wa ujenzi waliotoka makwao usiku mkubwa. Tuliandika geti limefunguliwa saa ngapi, madirisha mangapi ya ukaguzi yanafanya kazi, wamepita watu wangapi, nani amerudishwa na ameambiwa sababu gani. Kuandika kwamba watu walinyanyaswa hakumsaidii wakili yeyote. Lakini ukiandika kwamba kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili lilikuwa wazi dirisha moja tu, umempa kitu cha kushika.

Tenganisha pia ulichokiona na ulichosimuliwa, wala usikiache kile kinachokukera. Mwezi Machi 2016, mkazi wa Hebron aliyekuwa akijitolea na shirika la haki za binadamu la Kiisraeli la B'Tselem alimrekodi askari wa Israel akimpiga risasi ya kichwa Mpalestina aliyekuwa amelala chini akiwa majeruhi. Askari huyo alitiwa hatiani mwaka 2017 kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miezi 18 ambacho baadaye kilipunguzwa. Taarifa kamili ya tukio hilo ni lazima iseme kwamba muda mfupi kabla ya hapo askari mwingine alikuwa amechomwa kisu. Sheria haibadiliki kwa sababu hiyo, kwa kuwa majeruhi asiye na uwezo wa kupigana haruhusiwi kuuawa, lakini taarifa inayoficha kisu hicho itatupwa mbali siku kitakapojulikana. Aliyeshika kamera alitishiwa maisha. Wewe utapanda ndege urudi nyumbani, ila shahidi wako atabaki mtaani kwake. Kwa hiyo mwombe idhini, mweleze taarifa yake itamfikia nani, na akikataa, funga daftari.

Isome sheria kabla hujasafiri. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, unaowalinda raia wakati wa vita na ukaliaji, ndio utakaoutaja kila siku, na bila kuielewa mipaka ya kanda A, B na C iliyowekwa na makubaliano ya Oslo ya mwaka 1995 baina ya Israel na Wapalestina, hutaelewa kwa nini nyumba ya kijiji kimoja inabomolewa kwa kukosa kibali ilhali ya kijiji cha jirani haiguswi. Kanda C, yenye takriban asilimia 60 ya Ukingo wa Magharibi, iko chini ya mamlaka kamili ya Israel, na ubomoaji mwingi wa namna hiyo hutokea huko.

Jambo gumu kuliko yote ni kutumia mizani moja. Tarehe 7 Oktoba 2023, katika shambulio lililoongozwa na Hamas nchini Israel, waliuawa watu wapatao 1,200 na wengine takriban 250 wakachukuliwa mateka. Waliopoteza maisha ni pamoja na vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kwa mafunzo ya kilimo. Huko Gaza, tangu siku hiyo, wameuawa makumi ya maelfu ya watu. Kosa moja halifuti jingine, na anayeshindwa kuyaandika yote mawili kwa mkono uleule atafute kazi nyingine. Vivian Silver, aliyewahi kuwa katika bodi ya B'Tselem na aliyekuwa akiwasafirisha wagonjwa wa Gaza kwenda hospitali za Israel, aliuawa siku hiyo nyumbani kwake Be'eri. Shirika la Kipalestina la Al-Haq, linalofanya kazi hii tangu 1979, lilitangazwa na Israel mwaka 2021 kuwa la kigaidi, na nchi kadhaa za Ulaya zikasema hazikupewa ushahidi wa kutosha. Utatukanwa na pande zote mbili, lakini usijidanganye kwamba matusi hayo ndiyo uthibitisho kuwa uko sahihi. Pengine umeandika vibaya tu.

La mwisho ni mkalimani. Hata mwenye nia njema hupenda kufupisha, na mama akiongea kwa dakika nzima utaambiwa kwa maneno machache kwamba amekasirika. Mwombe atafsiri sentensi kwa sentensi, kwa nafsi ya kwanza, kisha kabla hamjaondoka umsomee shahidi maelezo yote, naye asahihishe palipokosewa.