Kipimo cha damu kuwa "hasi" hakumwondolei mtoto hatari ya TB

Dada, usiitegemee hiyo karatasi hata kidogo. Umesema ulilala chumba kimoja na kaka yako hapo Nyalenda, Kisumu, mpaka alipopatikana na TB, maabara ya mtaani ikakutoa damu na kuandika "hasi". Sasa unauliza kama utenge vyombo, na kama mtoto wako wa miaka 2 asubiri hadi aanze kukohoa.

Asisubiri! Mtoto wa chini ya miaka 5 akishavuta vijidudu anaweza kuugua upesi, na TB ikapanda hadi kwenye utando wa ubongo. Chanjo ya BCG hupunguza hatari hiyo, haiimalizi.

Vipimo vya damu vya kingamwili (askari wa mwili dhidi ya vijidudu) vilikataliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 kwa sababu hukosea pande zote: mzima huitwa mgonjwa, mgonjwa akaambiwa yuko sawa. Anayewauzia watu wenye hofu kipimo hicho hadi leo anawaibia pesa na muda, na muda ndio mtoto hana. IGRA ni kipimo kingine cha damu, kinachokubalika, lakini nacho hakitofautishi vijidudu vilivyolala na ugonjwa wenyewe. Hata makohozi yakipita mashine ya GeneXpert, inayotafuta vijidudu vya TB, yakawa safi, umejua tu kwamba mashine haikuona kitu kwenye makohozi yale. Mantoux, kipimo cha ngozi, nayo ikidungwa mapema hudanganya, kwa kuwa mwili huchukua wiki 2 hadi 8 kuitikia.

Kwa hivyo ukiambiwa hasi, usiondoke: uliza dawa ya kinga, ile inayozuia vijidudu vilivyolala visigeuke ugonjwa. Nenda kliniki ya TB anakotibiwa kaka yako, useme mnaishi nyumba moja. Hospitali za umma hazitozi dawa hizo. Waulize kwanza kama TB yake ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB, maana hapo dawa ya kinga hubadilika. Kisha mkaguliwe wote: kikohozi cha siku zozote, homa, jasho la usiku, kukonda; na kwa mtoto, kilo kutoongezeka au kuacha kucheza. Kama hawezi kutoa makohozi, kinyesi chake hupimika. Ukaguzi huu msiuruke, kwani aliye mgonjwa tayari akipewa dawa ya kinga peke yake hufuga usugu.

Mtoto wa chini ya miaka 5, na pia mtu yeyote mwenye VVU, hawahitaji Mantoux kwanza. Ugonjwa ukishaondolewa shaka, wanaanzishwa. Mtu mzima mara nyingi hupewa isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki, dozi 12. Mtoto mdogo, isoniazidi na rifampisini kila siku kwa miezi 3. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, usishtuke. Macho yakiwa ya manjano au ukitapika sana, simamisha dawa urudi kliniki siku hiyo hiyo. Kama unatumia vidonge vya kupanga uzazi, sema mapema, kwani dawa hizi huvidhoofisha.

Vyombo viache, TB husafiri kwa hewa. Fungua madirisha. Na ubebe kijitabu cha kliniki cha mtoto, dozi yake hupangwa kwa kilo.