Maswali na majibu: Ni mchwa, au macho yangu?

Mvua za vuli zikianza tu, meseji za mchwa nazo zinaanza. Nimechukua machache yanayogusa wengi, nikayafupisha. Wengi mnaniuliza dawa gani mnunue. Mimi nitarudi kwenye swali moja kila mara: wanatoka wapi? Wapo wanaopanda kutoka ardhini na wapo wanaozaliwa na kufia ndani ya mbao yenyewe. Dawa ya mmoja haimfikii mwingine.

Shikamoo fundi. Nyuma ya kabati la nguo nimekuta mstari wa udongo umepanda ukutani, mnene kama penseli. Nimeufagia, siku ya tatu umerudi palepale. Nyumba ni ya bloku, chini nimeweka vigae. Ni mchwa kweli au ni unyevu? – Mama, Kibaha

Marahaba, mama. Ni mchwa. Unyevu huacha doa, rangi inayobanduka na unga mweupe wa chumvi. Haujengi mstari wenye tundu ndani. Mchwa anayefanya kazi ana ngozi laini, haoni, na hewa kavu humuua upesi. Kwa hiyo hatembei peupe. Huchanganya udongo, mate na kinyesi chake, akaezeka njia yake yote kutoka ardhini mpaka kwenye chakula.

Sasa, usifagie tena mstari mzima. Ukiufagia unapoteza ushahidi: hujui walianzia wapi wala walikuwa wakielekea wapi. Vunja kipande cha katikati tu, urefu wa kidole, juu na chini uache. Mulika tochi hapohapo. Njia ikiwa inatumika utaona wadudu weupe wakitawanyika, na punde askari wenye vichwa vya kahawia watajitokeza kwenye tundu kulinda. Rudi baada ya siku mbili tatu. Ukikuta pamezibwa kwa udongo mbichi uliokolea rangi kuliko ule wa zamani, kazi inaendelea. Pasipozibwa usishangilie bado, maana bloku zina uwazi ndani na wanaweza kuwa wamebadili njia. Udongo mkavu unaopukutika mkononi unakwambia walipita hapo, basi. Haukwambii kwamba wameondoka.

Kisha ufuate mstari pande zote mbili. Chini utaishia kwenye ufa kati ya sakafu na ukuta, au pale bomba lilipotoboa sakafu. Mchwa hali zege wala kigae, ila ufa wa milimita moja unamtosha kupita. Juu, nina wasiwasi na mgongo wa kabati lako. Migongo mingi ni ya hadibodi, na hiyo wanaipenda kuliko mbao ngumu. Vuta kabati, bonyeza mgongo kwa kidole gumba kuanzia chini. Angalia na maboksi yaliyokaa sakafuni, vyeti, madaftari ya watoto. Karatasi ni mbao iliyosagwa, kwa hiyo mara nyingi wanaanzia huko kabla hujaona kitu mlangoni.

Baada ya hapo ndipo dawa ya udongo inapohusika: kuzunguka msingi kwa nje, na kwenye ufa ule kwa ndani. Kama una kisima uani, mwambie anayekuja kupiga dawa kabla hajafungua dumu.

Jana usiku baada ya mvua kumbikumbi walijaa sebuleni, asubuhi nikazoa mabawa beseni zima. Jirani anasema nyumba yangu tayari inaliwa. Ni kweli? – Msomaji, Morogoro

Si lazima. Kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa wanaotoka kwenda kuoana na kuanzisha makao mapya, na mvua za kwanza ndizo zinazowaita. Taa ya sebuleni huwavuta kutoka kwenye kichuguu chochote cha mtaa mzima. Kama dirisha lilikuwa wazi na taa inawaka, hao ni wageni wa usiku mmoja. Kwetu wengine hao ni kitoweo, tungeweka beseni chini ya taa na kuwashukuru.

Cha kukutia hofu ni hiki: madirisha yamefungwa, taa zimezimwa, nao wanachomoza kwenye ufa wa ukuta, kwenye fremu ya mlango au pembeni ya dari. Au unakuta vilima vidogo vya mabawa kwenye kizingiti cha dirisha la chumba kisichotumika. Hao wametokea ndani wakawa wanatafuta mwanga wa nje. Weka alama kwa penseli pale walipotokea, siku hiyohiyo, kwa sababu wakimaliza kuruka huziba matundu na hutapaona tena.

Halafu hakikisha ni kumbikumbi kweli. Sisimizi na chungu nao huota mabawa msimu huu. Kumbikumbi ana mabawa manne yenye urefu sawa, kiuno kinene na vipapasio vilivyonyooka. Chungu ana kiuno kilichokatika, vipapasio vyenye kiwiko, na mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma. Ukiwa na mabawa tu, pima urefu wake.

Nimerithi kabati la marehemu bibi, liko kwenye nyumba ya Mji Mkongwe, ghorofa ya pili. Kila nikifagia, baada ya siku chache nakuta chini yake vichembe kama mchanga wa kahawia. Hakuna udongo popote. Fundi seremala kaniambia ni vumbi la uzee. – Msomaji, Unguja

Barua hii imenifurahisha kuliko zote, maana umetazama vizuri kumshinda fundi wako. Mbao haitoi mchanga kwa uzee.

Chukua vichembe hivyo, viweke kwenye karatasi nyeupe, uvitazame kwa kioo cha kukuzia au kamera ya simu. Ukiona kila kimoja ni kirefu kidogo, kama milimita moja, kina pande sita zilizobonyea na ncha za mviringo, hicho ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Rangi yake hutofautiana, krimu mpaka karibu na nyeusi, hata ndani ya kabati moja. Ukivisugua kwa vidole vinakwaruza. Ukiona unga laini kama wa ngano unaonata vidoleni, na matundu madogo ya duara, huyo si mchwa kabisa. Ni fukusi, yaani mbawakawa wanaobungua mbao, na hesabu yake ni tofauti.

Mchwa wa mbao kavu hahitaji ardhi. Maji yake anayapata kwenye mbao na kwenye hewa, ndiyo maana mwambao wetu unamfaa, na ghorofa ya pili haimzuii. Hajengi njia za udongo. Anachimba vyumba visafi ndani ya mbao, na kinyesi kikimjaa anatoboa kitundu kidogo, anakisukuma nje, kisha anaziba tena. Kwa hiyo tafuta kitundu cha milimita moja au mbili juu kidogo ya palipo na rundo. Usiku kukiwa kimya, gonga ubavu wa kabati kwa kiganja halafu tega sikio: askari wao hupiga vichwa kwenye mbao kutahadharishana, na mlio wa tik-tik husikika.

Habari njema ni kwamba kundi lao ni dogo, mamia au maelfu machache, na huenda kwa mwendo wa taratibu. Habari mbaya ni kwamba makundi mawili matatu yanaweza kuishi kwenye kabati moja bila kujuana. Kupiga dawa sakafuni hapo ni kumwaga hela. Kipande kilicholiwa sana kibadilishwe. Kwingine mtaalamu aingize dawa kwa sindano kwenye matundu, au kabati lote lifukizwe na wenye leseni. Hata hivyo, kabla ya yote litenganishe na fremu za milango na boriti za dari. Boriti za mikoko zina sifa ya kustahimili, lakini mbao zilizoongezwa wakati wa matengenezo ya karibuni huwa si mikoko, na hizo zikague kwanza.

Mlango wa stoo umekuwa mgumu kufunga na rangi ya fremu imevimba. Mvua au mchwa? – Msomaji, Mombasa

Vyote viwili hufanana, kaka. Chukua bisibisi, gonga fremu kwa mpini wake kuanzia sakafuni kwenda juu. Mbao nzima hutoa sauti nzito. Iliyoliwa inalia kama debe tupu. Halafu sukuma ncha taratibu pale palipovimba. Mbao iliyokunywa maji inabonyea lakini ina nyuzi zake. Iliyoliwa inapasuka kama ganda la yai, na ndani unakuta mifereji imefuata mkondo wa mbao, imeachwa ngozi nyembamba tu pamoja na rangi. Mifereji ikiwa na udongo, wametoka ardhini. Ikiwa safi na ina punje, rudi kwenye jibu la Unguja.

Fundi wangu kasema nyumba ya tofali za saruji na bati haiwezi kuliwa na mchwa, tusipoteze hela ya dawa kabla ya kumwaga jamvi (zege la sakafu). Tuko hatua ya kifusi. – Baba mjengaji, Dodoma

Mzee wangu, simamisha zege kwanza. Tofali haliliwi, ni kweli. Lakini ndani ya nyumba hiyo utaweka fremu, milango, makabati ya jikoni, kenchi (mbao zinazobeba paa) na dari ya jipsamu, na jipsamu ina karatasi pande zote mbili. Nimeona dari ambazo karatasi imeliwa yote ikabaki jipsamu tupu, na mwenye nyumba alidhani ile mistari ya kahawia ni bati linavuja. Tofauti ni rahisi: doa la maji lina ukingo na husambaa kwa duara, mchwa huacha mistari inayojikunja, na ukiigusa kuna udongo.

Hatua uliyopo ndiyo nafuu kuliko zote utakazowahi kufika. Toa visiki na mizizi, toa vigingi vya kupimia na vipande vya mirunda mafundi walivyofukia kwenye kifusi (watakwambia havipo, chimbua). Shindilia, nyunyiza dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo, zidisha umakini kandokando ya kuta na panapopita mabomba, tandika nailoni, mwaga zege kabla mvua haijaiosha. Ukishaweka vigae itabidi kutoboa sakafu ili kufanya kazi hiyohiyo.

Na mbao za kenchi: rangi ya kijani ya dawa kwa nje haitoshi. Kata ncha ya moja uone kama dawa imeingia ndani au imepakwa juu. Kila mnapokata, pakeni dawa kwenye kidonda.

Oili chafu je? Na kuna kijana anapita na chupa isiyo na lebo, anasema ni ile dawa kali ya zamani. – Msomaji, Tanga

Oili chafu huzuia kidogo pale ilipopakwa, inanuka, inashika moto, inachafua udongo, na mchwa hupita pembeni yake. Mafuta ya taa vilevile. Majivu, mvua moja tu yameoshwa.

Kuhusu kijana: mwache aende zake. Dawa kali za zamani, aldrin na dieldrin, zilipigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa 2001 kwa sababu zinakaa ardhini miaka mingi, zinajikusanya kwenye mafuta ya mwili na kupita hadi kwenye maziwa ya mama. Nunua kiuatilifu chenye lebo na namba ya usajili: kwa Tanzania msajili ni TPHPA, kwa Kenya ni PCPB. Nyingi za siku hizi, kama zenye fipronil au imidacloprid, hufanya kazi polepole. Mchwa hazihisi, anapita, anawapelekea wenzake. Kwa hiyo usimlaumu mpiga dawa ukiona wanatembea bado siku ya pili.

Kuna kichuguu mita kumi na tano kutoka nyumbani. Nikichimba nikamtoa malkia, yamekwisha? – Msomaji, Singida

Kwa kichuguu hicho, huenda. Malkia wa vichuguu vikubwa hutaga maelfu ya mayai kwa siku, na yuko ndani kabisa kwenye chumba chake cha udongo mgumu. Jiandae kwa sururu. Lakini mchwa wengine wanaokula nyumba hawajengi kichuguu chochote juu ya ardhi, wako chini kimya. Na wa kichuguu nao wengi hushughulika na majani makavu na kuni, ambayo huotesha uyoga wao wa chakula. Ukaguzi wa nyumba ufanye kwanza. Kama hakuna njia inayoelekea ukutani, kivumilie, na kila mvua uvune uyoga.

Naenda kuangalia nyumba ya kununua Jumamosi. Nitazame wapi? – Msomaji, Arusha

Anza nje: zunguka msingi, hasa palipoegeshwa kuni, mbao au mabati ya zamani, na palipo na bomba linalovuja. Ardhi au maua yakiwa yamepanda juu ya usawa wa sakafu, hapo chunguza mara mbili. Ndani, gonga fremu za bafuni na jikoni kwanza. Fremu moja ikiwa na rangi mpya na nyingine zote zimechakaa, uliza kwa nini. Fungua makabati, tazama pembe za nyuma. Mwisho panda darini na tochi, tazama pale kenchi inapokalia ukuta. Mwenye nyumba akikwambia ngazi haipo, mwambie utarudi na ya kwako, na usitoe hata malipo ya awali mpaka uwe umepanda.