Utqiagvik hadi Deadhorse: kilomita 921 au 328?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nina zoezi la kupanga safari ya ndege kati ya viwanja viwili vya kaskazini mwa Alaska. Utqiagvik iko longitudo 156.77 magharibi, Deadhorse 148.47. Nimetoa, nikapata nyuzi 8.3, nikazidisha kwa 111: kilomita 921. Kikokotoo cha mtandaoni kinasema 328. Nimekosea wapi, na safari ni ya muda gani?

JIBU: Marahaba. Kikokotoo kiko sahihi. Kilomita 111 kwa kila nyuzi ya longitudo ni kipimo cha Ikweta. Mistari hiyo hukaribiana kadiri unavyopanda kaskazini, hivyo lazima uzidishe kwa kosaini ya latitudo. Ukipima Dar es Salaam hadi Kigoma kosa lako halifiki hata asilimia 1, ndiyo maana wengi hawaligundui mpaka wakutane na zoezi kama hili.

Utqiagvik iko latitudo 71.285, Deadhorse 70.195, wastani ni 70.74, na kosaini yake ni 0.33. Kila nyuzi ya longitudo hapo ina kilomita 36.7 tu, kwa hiyo 8.3 ni kilomita 305. Tofauti ya latitudo, nyuzi 1.09, ni kilomita 121. Tumia Pithagorasi: kilomita 328, yaani maili 177 za baharini. Kwa umbali mfupi kama huu njia hiyo inatosha. Angalia pia uelekeo: kwa njia fupi kabisa unaondoka kwa nyuzi 108 kutoka kaskazini halisi na unafika kwa 116, ingawa ndege haijapinda, kwa sababu mistari ya longitudo inayoelekea kaskazini hailingani mwelekeo. Ukishika 108 mwanzo hadi mwisho, utapita kaskazini ya uwanja, baharini.

Sasa muda. Cessna Caravan, ndege ileile inayobeba wasafiri wa Zanzibar, ikienda noti 160 (maili 160 za baharini kwa saa) itatumia dakika 66 angani. Upepo wa eneo hilo huvuma zaidi kutoka mashariki, kwa hiyo kwenda Deadhorse tarajia mbisho, yaani upepo wa mbele. Ukiwa wa noti 30, dakika zinakuwa 82. Kurudi ni 56. Jumla ni 138, si 132, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaokupinga. Boeing 737 hutumia kama dakika 45 mlango hadi mlango. Sehemu kubwa ni kupanda na kushuka, hivyo usigawanye kwa kasi yake ya juu.

Kwenye mafuta ndipo zoezi lako litakapopimwa kweli. Kati ya Juni na Agosti ukungu wa Bahari ya Beaufort unaweza kufunika pwani nzima, pamoja na kiwanja kidogo cha Nuiqsut kilicho njiani. Hapo kiwanja mbadala cha kutegemewa ni Fairbanks, kilomita 600 kusini mwa Deadhorse, au maili 324 za baharini. Kanuni za Marekani kwa urukaji wa kutegemea vyombo vya ndani ya ndege badala ya kuona nje zinadai mafuta ya kufika, ya kwenda mbadala, na dakika 45 za ziada. Jumlisha 177 na 324, gawanya kwa 160: saa 3 na dakika 8. Ongeza 45, unapata saa 3 na dakika 53 kwa safari ya saa moja na kidogo, kabla hujahesabu upepo. Uzito huo wa mafuta uutoe kwenye mizigo na abiria kabla hujauza tiketi.