Tabia yake tu, au ugonjwa? Maswali yenu wiki hii

*Mshauri, mdogo wangu ninayeishi naye hufunga mlango asubuhi, akifika steji anarudi kuangalia kama kufuli limefungwa. Mara tatu, mara nne. Ameshafutwa kazi kwa kuchelewa. Mke wangu anasema ni tabia yake tu. – Msomaji, Githurai*

Nani hapa Nairobi hajawahi kurudi kuangalia kufuli? Mji wenyewe umetufunza. Kwa hiyo siulizi kama jambo hili ni la ajabu. Nauliza linamchukulia muda gani, linamtesa vipi, na limemnyima nini. Kwa ugonjwa huu wa mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kurudiarudia, wataalamu hutazama kama unamla mtu zaidi ya saa 1 kwa siku, au umevuruga kazi na nyumba yake. Mdogo wako tayari amepoteza kazi.

Niliwahi kumhudumia kijana aliyeniruhusu kusimulia hili. Alinifungulia simu yake nikaona picha za kufuli lile lile, asubuhi baada ya asubuhi. Alikuwa akilipiga picha ili aamini. Akishaketi kwenye matatu anaitazama, halafu shaka inamwingia: je, kama hii ni ya jana? Anashuka. Alijua fika kwamba amefunga, lakini kujua hakukumtuliza. Ndiyo maana kumgombeza mdogo wako hakutamponya. Kuna tiba ya mazungumzo inayomzoesha mtu, hatua kwa hatua, kuondoka bila kurudi, na kuna dawa pia. Mpeleke.

*Baba alifariki miezi mitano iliyopita. Mama bado anamwekea kikombe cha chai jioni, na anasema humsikia akikohoa sebuleni. Shangazi zangu wanataka apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili. – Binti, Kayole*

Poleni sana, mwanangu. Waambie shangazi zako wangoje kidogo. Kumsikia au kuhisi yupo mtu uliyeishi naye miaka mingi huwatokea wafiwa wengi, na peke yake si wazimu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauiti huzuni ya msiba ugonjwa kabla ya miezi 6 kupita. Ule wa Marekani husubiri miezi 12 kwa mtu mzima. Hata baada ya hapo hutazamwa kama huzuni hiyo imepita ile inayotarajiwa katika mila na dini ya mfiwa, na kama imemzuia kuishi. Kwa hiyo mchunguze mama mwenyewe, kikombe kiacheni. Anakula? Analala? Bado anaenda kwenye chama na wenzake? Lakini akianza kusema sauti hiyo inamwita amfuate, au akikataa chakula, msihesabu miezi. Mpelekeni siku hiyo hiyo.

*Mtoto wangu wa miaka 4 ana rafiki asiyeonekana. Humgawia hata ugali. Analala vizuri na ana marafiki wa kweli pia. – Mama, Umoja*

Mwache amgawie. Umri huo una michezo hiyo, na umeandika kwamba analala vizuri na ana marafiki wa kweli.

*Nani aliwapa mamlaka ya kusema huyu ni mzima na yule si mzima? – Mwanafunzi, Kahawa*

Swali hili ndilo lililoninyima usingizi. Siku hizi tunatumia miongozo miwili, wa Shirika la Afya Duniani na wa madaktari wa akili wa Marekani. Yote huandikwa na kamati za watu, na watu hukosea. Mapenzi ya jinsia moja yalikuwa kwenye orodha ya magonjwa ya Wamarekani hadi walipoyaondoa mwaka 1973. Shirika la Afya Duniani liliyaondoa mwaka 1990.

Tena huhitaji kwenda mbali. Kuanzia 1938 hadi 1950, hospitali ya Mathari, hapa hapa Thika Road, iliongozwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Mwaka 1953 aliandika kwamba Mwafrika hufikiri kama Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti yake iliyoeleza Mau Mau kama msukosuko wa akili za watu waliotengana na mila zao. Watu walikuwa wanadai ardhi!

Basi, kila mara mtu anapoletwa kwangu na wengine, kwanza namuuliza anayeumia ni nani. Mara nyingine anayesumbuka ni baba aliyeudhika kwa sababu bintiye amekataa kuolewa. Tabia kuwa adimu haitoshi, na kuwaudhi majirani hakutoshi. Natafuta mateso ya mtu mwenyewe, maisha yaliyokwama, au hatari kwake na kwa wengine, na yote hayo nayapima kwa mazingira anamoishi.

*Jirani yetu alijaribu kujiua. Familia inamficha ndani kwa kuogopa polisi. – Msomaji, Pipeline*

Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Nenda kwao leo. Waombe waondoe dawa na sumu zote nyumbani, asiachwe peke yake, na mumsindikize pamoja hadi hospitali iliyo karibu.