Kabla ya giligilani, zibua ukuta

Wanaoniuliza kuhusu bustani yangu ya viungo hapa Tabora karibu wote huanza na mbegu. Mimi huwarudisha kwenye ukuta.

Bustani yenyewe ni ya zamani, imezungushiwa matofali ya kuchoma, na ilikuwa imegeuka jalala na malisho ya mbuzi. Sasa inalisha mnunuzi mwenye leseni anayetengeneza jini, ile pombe kali inayotiwa ladha ya viungo. (Gongo sigusi, msinitafute kwa hilo.)

Ukipata bustani ya namna hii, inama kwanza uangalie chini ya ukuta. Waliojenga waliacha matundu ya kutolea maji, lakini udongo ukijikusanya yanaziba, na mvua za Novemba zikianza unajikuta na bwawa. Mlimau ndio huumia zaidi. Mizizi inaoza, majani yanakuwa ya njano, nawe unakimbilia kununua mbolea. Chukua nondo, zibua. Halafu ng'oa visiki vikavu vilivyobaki ndani, maana humo ndimo mchwa walimojificha. Udongo wetu ni wa kichanga, kwa hiyo samadi iliyooza vizuri haina mbadala.

Giligilani ndiyo naipenda kuliko zote. Wapishi huilalamikia kwamba joto likizidi inakimbilia kutoa maua, majani yanaisha. Kwa jini tunataka mbegu, basi iache ikimbie! Ipande mvua zinapokatika, Aprili au Mei, ili mbegu zikomae kiangazi. Usivune zikiwa kijani: zisugue kidoleni, utasikia harufu kama ya kunguni. Subiri nyingi ziwe za kahawia, kata mashina asubuhi na mapema kabla jua halijazikausha zikapukutika, kisha yaning'inize kivulini vichwa chini, ndani ya mfuko wa karatasi.

Mchaichai hauna maneno, mradi usiuweke karibu na miche midogo. Limau menya ganda la njano tu. Ile nyama nyeupe ni chungu na itaharibu pipa zima.

Mreteni, ambao matunda yake ndiyo yanayoifanya jini iwe jini, usihangaike nao. Ni wa nchi za baridi, na mnunuzi atauagiza mwenyewe. Ila muulize mapema kama maganda ya limau anayataka mabichi au makavu, kwa sababu yakikauka uzito unapungua sana, na bei ya kilo lazima ifuate hapo.